Faili za mfumo zinaharibika kila mara: tafuta kwanza kinachoziharibu

Swali: Msomaji mmoja wa Langoni, Lamu, ameniandikia barua ambayo nimeifupisha hivi:

"Assalaam alaikum ndugu. Nina kompyuta ya mezani ya mtumba niliyoinunua Mombasa, ya Windows 10. Naitumia kuweka hesabu za vyumba vyetu vya wageni, na watoto hufanyia kazi za shule. Tangu mwaka jana inanisumbua: mara ijizime na kuonyesha kioo cha buluu, mara menyu ya Start isifunguke, mara programu iseme kuna faili imeharibika. Fundi alinifundisha kuandika sfc /scannow. Nikiandika, inasema imepata faili mbovu na imezitengeneza. Baada ya wiki mbili, yaleyale. Ameshaniwekea Windows upya mara tatu, na mara ya mwisho akatoa diski ya zamani akatia diski mpya ya aina ya SSD. Bado. Huku kwetu stima nayo hukatika, na kompyuta iko karibu na dirisha linalotazama bahari. Sasa fundi anasema ninunue nyingine. Je, ni kweli hii imekwisha?"

Kabla ya kujibu nilimuuliza mambo mawili: je, faili zinazotajwa kuwa mbovu ni zilezile kila mara? Na je, kuna kitu kilibadilishwa ndani ya kompyuta kabla ya matatizo kuanza? Akanijibu kwamba majina ya faili hubadilika kila mara, na kwamba miezi michache kabla ya haya yote fundi alimwongezea kipande cha pili cha RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambamo kompyuta hufanyia kazi zake, ili mashine iende mbio. Akaongeza jambo ambalo sikuliuliza: baadhi ya picha za harusi ya mdogo wake alizozihamisha kutoka kwenye simu zinafunguka nusu, na nusu ya chini ni kijivu kitupu.

Jibu: Waalaikumu salaam dada yangu. Usinunue kompyuta nyingine bado. Kwa maelezo haya, ninachoshuku kwanza ni RAM, na kuithibitisha hakuhitaji pesa. Lakini kuanzia sasa hivi usiandike hesabu mpya kwenye kompyuta hiyo, wala usifungue faili la hesabu za zamani ukalihifadhi tena. Sababu yake utaiona mbele kidogo.

Amri ya sfc ina kazi moja tu. Inapita kwenye faili za mfumo zinazolindwa, inapiga hesabu ya kila moja, inalinganisha na hesabu iliyoandikwa tangu Windows ilipowekwa, na ikiona tofauti inaleta nakala nzima kutoka kwenye ghala la Windows lililoko ndani ya folda ya WinSxS. Ghala lenyewe likiwa bovu, kuna amri nyingine ya kulitengeneza, na hiyo hutangulia kabla ya sfc:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

Hii huteremsha faili nzima kutoka kwa Microsoft, kwa hiyo hutaka intaneti yenye bando la kutosha. Amri zote mbili ni nzuri, na zikifanya kazi mara moja mambo yakatulia miezi, hakuna haja ya kuhangaika zaidi. Lakini wala sfc wala DISM haiulizi ni nini kilichoziharibu faili. Ukirudia amri hizo kila wiki mbili, unachota ngama, maji yaliyoingia jahazini, huku tundu la jahazi liko wazi. Kuweka Windows upya ni hivyohivyo, ila kwa ndoo kubwa zaidi.

Sasa kwa nini nashuku RAM, na si diski kama alivyodhani fundi? Simlaumu, diski ndiyo huharibika mara nyingi, hasa kwenye mashine za mtumba, na kuanza nayo ni jambo la busara. Lakini ameshaibadilisha, na ugonjwa umebaki. Kilichobaki ndani ya sanduku ni RAM, prosesa (ubongo wa kompyuta), mazabodi (bodi kuu inayounganisha vyote) na pawasaplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya sanduku).

Majina ya faili ndiyo yanayonipa mwelekeo. Faili ileile ikiharibika kila mara, hilo mara nyingi ni jambo la programu: kuna kitu kinaibadilisha kwa makusudi, Windows inairudisha, nacho kinaibadilisha tena. Zile programu za kuamilisha Windows bila leseni hufanya hivyo kabisa, kwa sababu huingia kwenye faili za mfumo zinazoshughulikia leseni. Virusi pia. Lakini leo ikiharibika hii, kesho ile, keshokutwa picha ya harusi, hapo anayeharibu hachagui. Anaharibu chochote kinachopita mbele yake. Na ndani ya kompyuta, kila kitu hupita kwenye RAM.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hupoteza pesa. Ukihamisha picha kutoka kwenye simu, haitoki kwenye waya ikaenda moja kwa moja kwenye SSD. Inawekwa kwanza kwenye RAM, kisha inaandikwa kwenye SSD. RAM ya GB 8 ina biti zaidi ya bilioni 68, na kila biti ni sifuri au moja. Ikiwa biti moja kati ya hizo haishiki vizuri, umeweka sifuri ikasomeka moja, basi SSD itaandika kosa hilo kwa uaminifu wote. SSD haina hatia, imeandika ilichopewa. Kompyuta za nyumbani kwa kawaida hazina RAM ya kugundua na kusahihisha kosa la namna hiyo, tofauti na seva nyingi, kwa hiyo hakuna onyo lolote. Utagundua baadaye, picha ikifunguka nusu.

Tazama mfano wa karibu. Kwenye faili la maandishi ya kawaida, tarakimu 4 huhifadhiwa kama 00110100. Tarakimu 5 ni 00110101. Tofauti ni biti moja ya mwisho. Chumba ulichoandika shilingi 4,500 kinaweza kuwa 5,500, na hakuna programu itakayolalamika, kwa sababu zote mbili ni namba halali. Faili la Excel lenyewe limefungashwa kwa namna nyingine, kwa hiyo likiguswa mara nyingi hukataa kufunguka kabisa, na hiyo kwa kweli ni afadhali, kwa kuwa utajua. Hii ndiyo sababu nimekuomba usihifadhi chochote.

Kuna jambo jingine ambalo hata mafundi wazoefu hulisahau: sfc yenyewe inafanya hesabu zake ndani ya RAM hiyohiyo. Inaweza kusoma faili nzima, RAM ikaipotosha njiani, ikatangaza kwamba faili ni mbovu. Kisha inachukua nakala nzima ghalani, inaipitisha kwenye RAM mbovu, na kuiandika ikiwa imeharibika kweli. Amri ya kutengeneza inakuwa ndiyo inayoharibu. Windows iliyowekwa upya kwenye mashine ya namna hii huanza na kasoro tangu dakika ya kwanza, na ndiyo maana mara zote tatu hazikudumu.

Jaribio la kwanza halitaki kuteremsha kitu. Tafuta faili kubwa, filamu ya GB 3 au 4 inatosha. Fungua dirisha la amri, lile unaloandikia sfc, andika hivi, ukibadilisha jina la faili na mahali lilipo:

certutil -hashfile C:\Users\Public\filamu.mp4 SHA256

Baada ya muda kidogo itakuletea mstari wa herufi na tarakimu 64. Upige picha kwa simu. Zima kompyuta, iwashe, rudia amri ileile kwa faili lilelile. Faili ambalo halijaguswa lazima litoe mstari uleule hadi herufi ya mwisho, leo na mwaka kesho. Ukipata mistari miwili tofauti, jua kwamba kifaa ndicho kibovu, na hakuna Windows mpya itakayokuponya. Lakini ukipata mistari inayofanana mara zote, usiiachilie RAM bado, kwa kuwa sehemu yenye kasoro huenda haikuguswa safari hiyo.

Jaribio la pili ndilo la kutoa hukumu. Windows ina kipimo chake: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mdsched, kubali kuwasha upya, na kipimo kikianza bonyeza F1 uchague Extended, kisha F10. Ni kizuri kikigundua kosa, ila kisipogundua mimi sikiamini sana. Kinachoaminika zaidi ni MemTest86 ya PassMark au Memtest86+, zote za bure, ambazo huwekwa kwenye flashi na kuendeshwa kabla Windows haijaamka. Mwombe fundi au kijana yeyote mwenye kompyuta nzima akutengenezee hiyo flashi. Usiitengeneze kwenye mashine inayoshukiwa. Kwenye kompyuta za HP bonyeza F9 wakati wa kuwasha ili uchague flashi, kwenye Dell na Lenovo ni F12. Iache ikimbie usiku kucha. MemTest86 ya bure hupita mizunguko 4, na hiyo inatosha. Kosa moja tu, hata moja katika usiku mzima, ni kosa. Asije mtu akakuambia kwamba makosa mawili matatu si kitu. RAM nzima haina kosa hata moja.

Kosa likionekana, kazi inakuwa nyepesi. Zima, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe, kisha gusa chuma cha sanduku kabla ya kugusa chochote ndani. Toa RAM ile iliyoongezwa, acha ya zamani peke yake, pima tena. Ikipita safi, umemjua mhalifu. Lakini usiitupe bado. Iweke ile iliyoongezwa peke yake kwenye tundu lilelile lililopita safi, uipime. Ikipita nayo, basi kila moja ni nzima ila hazipatani zikiwa pamoja, au tundu la pili ndilo lenye tatizo. Hilo hutokea sana RAM zikichanganywa. Kwenye mashine zinazotumia RAM ya aina ya DDR3 kuna za volti 1.5 na kuna za volti 1.35, ambazo huandikwa DDR3L au PC3L. Zinaingia kwenye tundu moja bila kulazimisha, na mashine inayotaka 1.35 ikipewa ya 1.5 inaweza kuwaka vizuri tu, kisha ikawa inayumba. Soma kibandiko cha kila moja, ulinganishe. Kama lazima ununue, nunua mbili za aina moja kutoka mkono mmoja, au bakia na moja. GB 4 zinazosema kweli ni bora kuliko 8 zinazodanganya.

Na sasa dirisha lako la baharini. Hewa ya pwani hubeba chumvi, na chumvi pamoja na unyevunyevu hula chuma. Miguu ya RAM imepakwa dhahabu ili isiliwe, lakini upako huo ni mwembamba, na vijino vilivyo ndani ya tundu hushika uchafu na chumvi. Mguso ukiwa hafifu, RAM nzima kabisa hutoa makosa kama ya RAM mbovu. Kwa hiyo kabla ya kuihukumu, isafishe. Chukua kitambaa laini kisichoacha nyuzi, kitie isopropili alkoholi ya asilimia 90 au zaidi, futa ile miguu ya dhahabu pande zote mbili, iache ikauke, kisha irudishe ukiisukuma mpaka vishikizo vya pembeni vijifunge vyenyewe. Tundu lipitishe brashi laini kavu. Mafundi wengi husugua kwa raba ya mwanafunzi. Mimi sipendi, kwa sababu hukwangua ule upako na kuacha chembe ndani ya tundu, na kwa hewa ya Lamu ukishaipoteza dhahabu hiyo kutu haichelewi. Baada ya kusafisha, pima tena usiku mwingine. Na kompyuta ihamishe. Iweke ukuta wa ndani, mbali na upepo wa moja kwa moja, kusi na kaskazi sawasawa. Usiifunike ikiwa imewaka, maana joto nalo huleta makosa.

Kuhusu stima, ni kweli inaharibu faili, na nisingependa uipuuze, ila huharibu kwa namna yake. Windows haiandiki kila kitu kwenye diski papo hapo. Hukusanya kwanza kwenye RAM. Stima ikikatika katikati, kilichokuwa bado hakijaandikwa kinapotea, na faili iliyokuwa ikiandikwa inaweza kubaki nusu. Mfumo wa NTFS, ambao Windows huutumia kupanga faili kwenye diski, una daftari la kujilinda, lakini hulinda mpangilio wa folda na majina kuliko yaliyomo ndani ya faili. Hatari kubwa ni stima kukatika wakati Windows inajisasisha. Kwa hiyo uharibifu wa stima huwa na tarehe: umekatika Jumanne, Jumatano mashine inalalamika. Hili unaweza kulithibitisha. Bonyeza Windows na R, andika eventvwr.msc, fungua Windows Logs halafu System, utafute namba 41 ya Kernel-Power na namba 6008. Kila moja ni siku ambayo kompyuta ilizimika bila kuagwa. Vioo vya buluu navyo huweza kuacha alama hizo, kwa hiyo linganisha na siku ambazo wewe mwenyewe unakumbuka stima ilikatika. Kama faili zinaharibika hata katika wiki ambazo stima ilitulia, basi stima ni msaidizi, si mhusika mkuu.

Hata hivyo, UPS, kile kifaa chenye betri kinachoiwasha kompyuta kwa muda stima ikikatika, utaihitaji, na kwa Lamu ningeinunua mapema kuliko kununua RAM ya ziada. Tafuta ile inayosawazisha voltiji yenyewe, yenye alama ya AVR, kwa kuwa voltiji kupanda na kushuka huichosha pawasaplai kuliko hata giza lenyewe. Ni mzigo mzito, betri ya risasi, na kuivusha kutoka Mokowe kisha kuipandisha vichochoroni ni kazi, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa imekaa dukani muda gani. Betri iliyolala dukani miaka miwili inakufikia ikiwa mzee. Ikishafika, ijaribu kila mwezi kwa kuzima swichi ya soketi huku kompyuta ikiwa imewaka na hakuna kazi iliyofunguliwa. Na usiku wa kupima RAM iwe imeunganishwa.

Yaliyobaki ni mafupi. SSD yako mpya ipime kwa CrystalDiskInfo, programu ya bure. Ikisema Good, sawa. Ila angalia mstari wa C7 ukiwepo: namba hiyo ikizidi kuongezeka, tatizo ni kebo ya SATA inayounganisha SSD na mazabodi, kitu cha bei ndogo ambacho fundi huenda aliirudisha ileile ya zamani. Kama Windows uliyowekewa iliamilishwa kwa ujanja, mwambie fundi ukweli, kwani vipimo vyote vya sfc vitavurugika. Na zile programu zinazojitangaza kusafisha na kuharakisha kompyuta, ziondoe zote. Sijawahi kuona moja iliyosaidia mashine yenye ugonjwa huu.

RAM ikipita usiku mzima bila kosa huku vioo vya buluu vikiendelea, hapo tafuta pawasaplai ya kuazima ujaribu nayo, kisha ndiyo mazabodi. Ikifika mazabodi, nitakubaliana na fundi wako.

Sasa hesabu zako. Ushauri wa kawaida ni kunakili kila kitu kabla ya kugusa chochote, lakini kwako ungenakili kupitia RAM hiyohiyo inayopotosha. Fanya hivi: toa kwanza RAM iliyoongezwa, pima ile iliyobaki usiku mmoja, ikipita safi ndipo unakili kwenye flashi au diski ya nje. Au mpe fundi aichomoe SSD aisome kwenye kompyuta nyingine nzima. Ukishanakili, fungua mafaili ya hesabu moja moja, ulinganishe jumla za mwezi na risiti au na ujumbe wa M-Pesa ulio kwenye simu, kuanzia mwezi ule RAM iliyoongezwa ilipowekwa. Miezi ya nyuma yake haina wasiwasi, isipokuwa mafaili uliyoyafungua na kuyahifadhi tena baadaye. Picha za harusi zilizokatika nusu hazitengenezeki, kwa hiyo kama bado ziko kwenye simu, au mmoja wa jamaa anazo, zihifadhi huko mpaka mashine ipone.

Windows iwekwe upya mara moja tu, mwisho kabisa, baada ya RAM kupita safi. Na kwa kuwa Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, muulize fundi kama mashine yako inakubali Windows 11 kihalali: inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel kwa kawaida ni kizazi cha 8 kwenda juu. Ikiwa haikubali, Linux Mint, mfumo mwingine unaowekwa badala ya Windows, itazibeba hesabu na kazi za watoto bila shida, nayo haina gharama ya leseni. Ikishawekwa, rudia ile amri ya certutil kwa faili kubwa siku mbili tofauti; kwenye Linux andika sha256sum kisha jina la faili. Mistari ikifanana, anza kuandika hesabu tena.